Listi ya proksi mtandaoni: kuianza rahisi, kazi ni kuiweka hai

Wengi wanaanzisha listi ya proksi, yaani seva za kati ambazo mtu anapitishia mtandao wake ili aonekane na anuani ya seva hiyo, halafu wanaitupa, ukiingia baada ya wiki mbili unajaribu ishirini hata moja haiitiki. Miye yangu naiendesha hapa Chake Chake kwa laptopu ya kawaida na bando la simu, kwa hiyo usiogope, haitaki mashine kubwa, inataka uangalizi.

Fungua jedwali, Google Sheets inatosha kabisa, weka aipi (anuani ya seva mtandaoni), poti (namba ya mlango wake), aina (HTTP au SOCKS5), nchi, kasi na saa ilipojaribiwa mara ya mwisho. Hiyo saa ndo roho ya listi, mana proksi za bure zinajaa na kupwa kama maji ya pwani, asubuhi ipo magharibi haipo. Na iandike kwa saa ya UTC, yaani saa ya dunia, siye tuko mbele saa 3, mtu wa mbali asichanganyikiwe. Kwenye kasi sema imepimwa kutoka Pemba, seva ya Brazil ikiwa nzito kwetu haina maana ni nzito kwa kila mtu.

Za kutia chukua zile ambazo mwenyewe kaziweka wazi kwa umma. Usiende kuskani mitandao ya watu yakhe, seva nyingi zilizo wazi ni za ofisi au skuli ambazo fundi kasahau kufunga, ukiitangaza ni kama kuwaonyesha watu mlango wa jirani ulobaki wazi.

Kujaribu, andika hii kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri za kompyuta), ukitia aipi na poti ya proksi:

curl -m 10 -x http://aipi:poti https://api.ipify.org

Ikirudisha aipi isiyo yako, iko hai. Kwa SOCKS5 andika socks5h:// mwanzoni mwa aipi badala ya http://. Poti 3128 ni ya kawaida ya Squid (programu ya kuendeshea proksi) na 1080 ya SOCKS lakini usikisie aina kwa poti, jaribu. Kisha ipitishie http://httpbin.org/ip, iwe http tupu sio https, ukiona na aipi yako imo humo basi hiyo proksi inakutaja, iandike hivo hivo kwenye listi.

Sasa matunzo. Tengeneza skripti (faili la amri), iweke kwenye cron (kinachoendesha kazi kwa ratiba) ijaribu zote kila baada ya masaa 6, na proksi ikishindwa mara tatu mfululizo itoke. Lakini hapa nisikilize vizuri mana yalinikuta: usiku mmoja mtandao wetu ulikatika, skripti ikaendelea kujaribu, ikaona zote zimekufa, asubuhi naamka listi nyeupe, kazi ya miezi imeondoka. Kwa hiyo skripti ianze kufungua ukurasa wowote bila proksi, ikishindwa isimame hapo hapo isiguse kitu. Na weka kopi ya jana kila siku.

Juu kabisa ya listi andika kwa herufi kubwa watu wasiingize nywila wala mambo ya benki humo, mana mwenye proksi anaona kila kinachopita bila kufichwa. Wakumbushe na sheria za nchi zao pia, kwetu 2023 TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) iliwataka wanaotumia VPN, njia nyingine ya kupitishia mtandao kwenye seva ya mbali, wajisajili.

Na mwenye seva akikuandikia kuwa itoe, itoe siku hiyo hiyo, usibishane nae.