Jinsi ya Kuchagua Bunduki ya Kwanza ya Kuwindia Swala katika Miombo ya Lindi

Kila fedha za korosho zinapoingia mkononi, hawakosekani vijana wa Liwale na Nachingwea wanaoniuliza bunduki ipi ina nguvu zaidi. Mimi nami nilianza na swali hilo hilo, nikanunua ya .375 (namba hiyo ni kipenyo cha risasi kwa inchi), ambayo ni silaha ya nyati, na teke lake, yaani msukumo wake wa kurudi begani, likanizoesha kufumba macho kabla risasi haijatoka. Kongoni wangu wa kwanza nilimjeruhi pajani, nikafuata matone ya damu hadi jua likazama.

Hatua ya 1: Anza na vibali. Umiliki wa silaha huombwa kupitia polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ilhali uwindaji una leseni yake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Usilipe hata malipo ya awali dukani kabla ya kibali.

Hatua ya 2: Mfahamu mnyama na umbali wake. Swala pala dume ana kilo 60 hivi, na kongoni huzidi kilo 120. Katika miombo yetu miti hufunga macho, kwa hiyo ni nadra kufyatua risasi kwa umbali unaozidi mita 150. Bunduki ya marisau, yaani ya vidonge vingi vidogo vya risasi, waachie kanga na kwale, na gobore la babu libaki kuwa kumbukumbu.

Hatua ya 3: Chagua aina ya risasi. Kwa anayeanza, ninapendekeza .308 Winchester au .30-06 Springfield. Zote mbili hutumia risasi yenye kipenyo kile kile, ila ganda la baruti la ya kwanza lina urefu wa milimita 51 na la pili milimita 63, ndiyo maana .308 hupiga teke dogo kidogo. Risasi ya gramu 9.7 inamtosha swala pala. Kwa kongoni chukua ya gramu 11.7. Iwe ya ncha laini inayotanuka mwilini, kwa sababu ile iliyofunikwa shaba yote huweza kupenya na kutoka upande wa pili, mnyama akaenda kufia mbali. Kabla ya kuamua, uliza ni risasi zipi muuzaji mwenye leseni huwa nazo mwaka mzima, maana bunduki isiyo na risasi ni mchi tu.

Hatua ya 4: Ipime mwilini mwako. Hapa ndipo wengi hupita haraka, nami ningependa ukae zaidi. Hakikisha kwanza kwamba chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, kisha elekeza mtutu mahali salama, fumba macho, weka kitako begani na ulaze shavu kama kawaida yako. Ukifumbua macho, jicho linapaswa kuona duara zima la darubini ya kulengea bila wewe kusogeza kichwa. Ukilazimika kunyoosha shingo mbele, kitako ni kirefu mno kwako. Kati ya jicho na darubini pawe na nafasi ya sentimita 9 hivi, la sivyo utarudi nyumbani na nyusi iliyopasuka. Usivutiwe na bunduki nyepesi sana: yenye kilo 3.5 pamoja na darubini hubebeka kutwa nzima na humeza sehemu ya teke.

Hatua ya 5: Fikiria chumvi. Mkaazi wa Mikindani au Kilwa achague chuma kisichoshika kutu upesi na kitako cha plastiki ngumu, kwani upepo wa bahari hula mtutu hata ukiwa kabatini.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kununua. Katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, mbele ya mwenye silaha, mwombe akupakilie risasi bila wewe kuona, na mara mojamoja aache chemba tupu. Ukifyatua chemba tupu na mtutu ukainama, ujue umeshaanza kuliogopa teke. Irudishe, ujaribu yenye risasi ndogo zaidi.