Somo: Kupunguza foleni ya lifti kwa vihisi

Wakuu, habari za kazi. Somo hili ni la wasimamizi wa majengo, mafundi umeme, na wale vijana wenye ESP32 (kibodi kidogo cha kielektroniki unachokiandikia programu) droo nzima ambao mpaka leo wameitumia kuwashia taa tu.

Chukua jengo la ofisi lenye ghorofa 10 juu ya ile ya chini, na lifti mbili. Saa moja na nusu asubuhi watu wamejaa pale chini, na lawama ya kwanza ni kwamba lifti ziko polepole. Mara nyingi mwendo hauna shida. Kinachokula muda ni kusimama: lifti ipunguze mwendo, mlango ufunguke, watu watoke, mlango ufunge, safari ianze upya. Hapo bado hujamhesabu yule anayezuia mlango kwa mguu akimsubiri mwenzake amalize simu.

Hesabu yake ni hii. Abiria 10 wakiingia pamoja, kila mmoja akiweza kwenda ghorofa yoyote kati ya 10, wastani wa vituo ni 10 × (1 − 0.9¹⁰), yaani karibu 6.5. Abiria haohao wakigawanyika kwenye ghorofa 5 tu, vituo vinashuka hadi karibu 4.5. Mota ni ileile, waya ni zilezile. Kwa hiyo kazi ya vihisi (sensa) hapa ni kuiondolea lifti vituo visivyo na faida.

Hatua ya 1: Pima kwanza. Omba ruhusa, kisha weka kiboksi kwenye kona ya lifti: ESP32, BMP280 (kihisi cha kanieneo ya hewa), kadi ya kumbukumbu na power bank. Kanieneo ya hewa hupungua takriban hektopaskali 0.12 kwa kila mita unayopanda, hivyo ghorofa ya mita 3 ni kama 0.36, na BMP280 inaliona hilo. Hali ya hewa nayo hubadilika kutwa, kwa hiyo kila lifti inapofika chini kabisa, programu ianze upya kutoka sifuri. Ongeza VL53L1X (kihisi cha umbali cha leza) inayotazama mlango ili ujue umefunguka kwa muda gani. Iache wiki nzima ya kazi, siku za sikukuu usizihesabu.

Hatua ya 2: Uliza habari za mzani. Hapa ndipo penye faida kubwa, na wengi wanaparuka. Lifti nyingi za sasa tayari zina kihisi cha uzito, ndicho kinachopiga kengele mkizidi. Kihisi hichohicho kinaweza kuiambia kontrola (ubongo unaoiendesha lifti) "nimejaa, nisisimamishwe njiani". Kiwango cha kawaida ni kama 80% ya uwezo. Kwa lifti ya kilo 630, ya watu 8, hiyo ni kilo 504. Sasa nenda jengo la biashara lolote uone: wateja wanne na maboksi ya viatu wameijaza mpaka mlangoni, na mzani hata kilo 400 haujafika. Lifti inaendelea kusimama kila ghorofa, mlango unafunguka, watu wanatazamana, unafunga. Mwombe fundi wa lifti ashushe kiwango hadi kama 60%, na ahakikishe mzani umesawazishwa.

Hatua ya 3: Tambua wanaosubiri. Kitufe hakijui kama aliyekibonyeza yuko peke yake au nyuma yake kuna watu 12. VL53L1X mbili au tatu darini mbele ya mlango zinatosha kutofautisha "mmoja" na "kundi". Ukitumia HC-SR04 (kihisi cha umbali cha mawimbi ya sauti), kumbuka waya wake wa echo, unaorudisha jibu, hutoa volti 5 na ESP32 inataka 3.3, weka rezista za kilo-omu 1 na 2 kuigawanya volti hiyo.

Hatua ya 4: Pa kusubiria. Lifti isiyo na kazi isilale pale ilipomshusha mtu wa mwisho. Asubuhi zote zirudi chini. Jioni moja ikae juu. Kiboksi chako kitoe ishara kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) tu, kwenye ingizo atakaloonyesha fundi wa lifti mwenyewe. Saketi ya usalama (kufuli za milango, gavana inayozuia lifti isizidi mwendo, kitufe cha dharura) haiguswi hata kwa majaribio.

Hatua ya 5: Gawa ghorofa. Majengo mapya hukuuliza unakwenda wapi kabla hujaingia. Schindler, kampuni ya lifti ya Uswisi, waliingiza mfumo wa aina hiyo sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jengo la zamani lifanye hivyo kwa kibao: hii 1–5, ile 6–10, asubuhi tu. Kisha rudia hatua ya 1, ulinganishe.

Maswali ya wadau

*Mkuu, umeme ukikatika itakuwaje?*
Rilei iwe ya kuachia yenyewe: kiboksi kikizima, lifti inarudi kwenye utaratibu wake wa zamani. Na kama jenereta inabeba lifti moja tu, mgao wa ghorofa usitishwe, la sivyo wa juu watapanda ngazi.

*Kwa nini tusitumie kamera? Tunazo tayari.*
Inawezekana, ila kuhesabu watu hakuhitaji sura zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019. Kihisi cha umbali kinakuepusha na makaratasi mengi.

*Sisi tuna lifti moja, ghorofa 6, na watu wanabonyeza juu na chini vyote viwili.*
Hatua ya 2 na ya 4 zinakufaa. Kwa hao wabonyezaji, muulize fundi kuhusu miale ya mlangoni (ile inayohisi mtu akipita): isipokatwa na mtu ndani ya sekunde chache, mlango ufunge mapema. Na kama kuna watoto, kontrola nyingi zinaweza kufuta vitufe vya ndani pale mzani unaposema kuna mtu mmoja huku ghorofa zote sita zimebonyezwa.