Kulala njiani kwa pikipiki: kutoka Nakuru hadi ziwani, kuanzia godoro hadi hema

Wengi wanaojiandaa kwa safari ndefu ya pikipiki huanza kwa kununua hema zuri, kisha fedha zinazobaki ndizo hutafutiwa kitu cha kulalia. Somo hili linafuata mpangilio wa kinyume. Tutaanza na kile kinachogusa ardhi na kupanda juu taratibu, kwa sababu mwendeshaji aliyelala vibaya ni hatari barabarani kesho yake, na mara nyingi kilichomnyima usingizi kilikuwa chini ya mgongo wake.

Njia nitakayoitumia kama mfano inatoka Nakuru, inapitia Mau Summit, Timboroa na Eldoret, inateremka hadi Kakamega na kuishia Kisumu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Timboroa inapita mita 2,700, Eldoret ni kama 2,100, na Kisumu ni takriban 1,130. Hewa hupoa kwa nyuzi joto 6 hivi za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Hesabu hiyo ina maana kwamba kati ya Timboroa na ufuo wa ziwa kuna tofauti ya nyuzi 10 hivi, na pikipiki inaweza kukuvusha tofauti hiyo yote kwa siku moja. Vifaa utakavyobeba havina budi kukufaa katika ncha zote mbili.

Hatua ya kwanza: godoro

Ardhi hufyonza joto la mwili haraka kuliko hewa iliyotulia. Mfuko wa kulalia, hata uwe mzito namna gani, hubanwa na uzito wako upande wa chini. Nyuzi zake zikishabanwa hazishiki hewa tena, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto. Kwa hiyo kinga ya upande wa chini hutoka kwa godoro peke yake.

Usiku wangu wa kwanza Timboroa nilijilaza juu ya godoro la upepo, la aina ile ambayo watoto huchezea kwenye bwawa la kuogelea. Lilikuwa nene na laini, na nilijiona nimewapiku wenzangu waliokuwa na vipande vya sponji. Kufikia saa nane usiku nilikuwa nimeketi nikitetemeka huku wao wakikoroma. Hewa iliyo ndani ya godoro lisilo na nyuzi za kuzuia baridi huzunguka: ile iliyopashwa na mwili hupoteza joto lake kwa ardhi, kisha inarudi kuchukua jingine. Unene peke yake hausaidii.

Magodoro yaliyotengenezwa kwa ajili ya kambi huandikwa namba ya R, inayoonyesha jinsi yanavyozuia joto kupotea. Sponji ngumu yenye vijitundu vilivyofungwa, ya unene wa sentimita mbili hivi, huwa karibu na 2, na hiyo inatosha Kakamega, Kisumu na usiku wa kawaida wa Nakuru. Kwa Timboroa au miinuko ya Cherangani tafuta 3 au zaidi, au upange magodoro mawili, kwa kuwa namba hizo hujumlishwa. Sponji ina faida nyingine ambayo wenye pikipiki hawaithamini vya kutosha: haitoboki. Unaweza kuifunga nje ya mzigo, ukaikalia kando ya barabara, na hata ukaitandika unapolala chini ya pikipiki kukaza mnyororo.

Hatua ya pili: mfuko wa kulalia

Soma lebo. Mifuko iliyopimwa ipasavyo huonyesha kiwango cha starehe na kiwango cha mwisho, na tofauti kati ya viwili hivyo ni nyuzi kadhaa. Nunua kwa kuangalia kiwango cha starehe. Cha mwisho ni kile ambacho mtu hujikunja na kustahimili hadi kuche, na huko si kulala. Mfuko wenye starehe ya nyuzi 5 unatosha njia yetu yote. Ukifika ziwani utaufungua zipu na kuutumia kama shuka.

Kuhusu ujazo, mimi huchagua nyuzi za viwandani badala ya manyoya ya bata. Manyoya ni mepesi na hujikunja yakawa madogo, lakini yakilowa hushikana na kupoteza joto karibu lote, na magharibi mwa Kenya hakuna msimu wa kuaminika wa ukavu. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei kama kwingineko nchini, ila huku haziishi hapo, kwani Kakamega na Kericho huendelea kunyeshewa Juni, Julai na Agosti.

Tenga pia nguo za kulalia ambazo hazivaliwi mchana kwa sababu yoyote ile: soksi, suruali na fulana, zote zikiwa zimefungwa pamoja na mfuko. Jasho la siku nzima likibaki kwenye nguo hupoza mwili usiku.

Hatua ya tatu: hema na chandarua

Hema la safari liwe na tabaka mbili. La ndani ni la wavu unaopitisha hewa na kuzuia mbu. La nje ni la kuzuia mvua, na lishuke karibu na ardhi. Hema la tabaka moja hukusanya unyevu wa pumzi zako, ukaamka umelowa bila mvua kunyesha, kisha ukalilaumu kwamba linavuja. Uwezo wa kitambaa kuzuia maji huandikwa kwa milimita, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja. 2,000 kwa kifuniko ni kiwango kizuri, na sakafu iwe zaidi kwa sababu magoti na viwiko huisukuma dhidi ya ardhi yenye maji.

Anayenunua mitumba alifungue hema lote kabla ya kulipa. Linuse na ulishike upande wa ndani wa kifuniko. Likiwa linanata na kutoa harufu kali ya uchachu, utando wake umeharibika kwa kuhifadhiwa likiwa na unyevu, na hakuna dawa ya kuurudisha. Zipu iliyokwama kidogo au fito iliyovunjika ni kasoro za kupunguziana bei tu, kwani kipande kifupi cha bomba kinachoingia juu ya ufa huunganisha fito vizuri.

Turubai la kutandika chini ya hema likatwe liwe dogo kuliko sakafu yenyewe. Likichomoza nje hata sentimita kumi hukinga maji ya mvua na kuyapeleka chini ya mgongo wako.

Mbu wa Anopheles, anayeeneza malaria, huuma zaidi usiku, na maeneo yanayozunguka Ziwa Viktoria yana malaria kwa wingi kuliko Nakuru. Hata ukipanga kulala katika nyumba ya wageni, beba chandarua chako chenye dawa. Homa ya malaria huchukua siku saba au zaidi kujitokeza baada ya kuumwa. Ukiugua ukiwa umesharudi nyumbani, mwambie daktari kwamba ulilala ziwani.

Hatua ya nne: kupakia

Uzito ukae chini na mbele iwezekanavyo. Vigingi, jiko na vyombo viwe ndani ya mifuko ya pembeni, usawa wa miguu ya abiria. Mfuko wa kulalia na nguo, ambavyo ni vyepesi, vikae juu ya keria. Mzigo mzito ukiwekwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma huinua usukani, na kwenye mteremko wa kuingia Nyando utahisi pikipiki inayumba kila unapokata kona. Ongeza upepo wa tairi la nyuma kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza kwa safari ya watu wawili.

Mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, kama ile ya wanabodaboda, hushika vizuri kuliko kamba nyingi za dukani, ila mwisho wake usining'inie karibu na mnyororo. Hakikisha pia hakuna mfuko unaogusa bomba la moshi. Hema lifungwe nje kabisa, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza utakachohitaji mvua ikianza na ndicho kitakachokuwa kimelowa asubuhi.

Hatua ya tano: mahali na saa

Upepo wa ziwani huvuma mchana kuelekea nchi kavu, ukakutana na upepo wa mashariki juu ya miinuko ya Nandi na Kericho. Ndiyo sababu asubuhi huwa nyeupe na ngurumo huanza alasiri. Kericho mara nyingine mvua hiyo huja na mawe. Kwa sababu hiyo mimi husimama saa kumi jioni, hata ikiwa zimebaki kilomita 40 tu. Anayesimama saa kumi huchagua mahali. Anayesimama saa moja usiku huchaguliwa na giza.

Usipige hema chini ya mkaratusi, kwani matawi yake huanguka bila onyo, wala chini ya mti uliosimama peke yake mahali palipo wazi, kwa sababu ya radi. Katika uwanda wa Kano epuka mabonde na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukipata mvua hushika magurudumu hadi yasizunguke. Ufuoni kaa mbali na njia zilizolazwa nyasi zinazotoka majini, kwa maana viboko hutoka usiku kula na hurudi kwa njia zilezile.

Kuhusu ruhusa, piga hodi. Kujificha kichakani hukufanya ushukiwe na wenyeji, ilhali mwenye boma akishakukaribisha, mji mzima hujua wewe ni mgeni wa nani. Nikikosa boma huuliza nyumbani kwa mzee wa mtaa, ofisi ya chifu, kanisa, au shule iliyofungwa kwa likizo na yenye mlinzi. Onyesha kitambulisho kabla ya kuombwa.

Pikipiki iegeshwe angalau mita mbili kutoka kwa hema, ikiegemea upande mwingine, na bomba la moshi liwe limepoa. Chini ya stendi ya pembeni weka kipande cha ubao. Nimeona pikipiki iliyosimama vizuri jioni ikiwa imelala chali asubuhi, udongo ukiwa umelainika kwa mvua na stendi imezama.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kisumu anauliza: Kaka, sisi huku tunalala kwa shuka nyembamba na bado tunatoa jasho. Kuna haja gani ya mimi kubeba mfuko wa nyuzi 5?*

Ukizunguka Kisumu, Homa Bay na Siaya pekee, huna haja nao, ndugu yangu. Blanketi nyepesi ndani ya hema la wavu linatosha. Ila ukipanga kufika Iten au Timboroa, azima au ununue. Watu wa ziwani ndio ninaowaona wakiteseka zaidi huko juu, kwa sababu hupakia kulingana na joto la mahali wanapoanzia safari.

*Dada mmoja wa Kakamega anauliza: Nasafiri peke yangu. Je, nipige hema au nitafute chumba?*

Dada, usiku wa kwanza katika mji usioujua, chukua chumba chenye mahali pa kuegesha ndani ya geti. Kwa siku za hema, boma lenye mama wa nyumba au misheni ya masista ni pazuri kuliko uwanja wa kambi usio na mlinzi. Mpigie mwenyeji wako kabla ya kuondoka asubuhi, na umpe mtu wa nyumbani jina la mahali hapo jioni ileile. Msitu wa Kakamega una sehemu za kambi zenye walinzi, kwa mfano upande wa Buyangu. Usichukulie kwamba kila hifadhi hupokea pikipiki. Zile zenye wanyama wakubwa kwa kawaida huzizuia langoni, hivyo uliza kwanza.

*Pikipiki yangu ni ya kazi, ya cc 125. Itaweza?*

Pikipiki inayobeba magunia ya mahindi haiwezi kushindwa na hema la kilo tatu. Kinachochoka ni mnyororo na breki kwenye miteremko. Kagua vyote viwili kila jioni.

*Mvua ikinyesha jioni, naweza kupikia ndani ya hema, au kuingiza jiko la makaa nipate joto?*

Hapana, kwa yote mawili. Jiko la makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke. Jiko la gesi nalo huunguza nailoni kwa sekunde chache. Funga turubai kati ya miti miwili upikie chini yake, au ule mkate na ndizi. Ukitaka joto, chemsha maji nje, uyatie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kinachokaza na uiweke miguuni ndani ya mfuko.

*Je, badala ya hema naweza kutumia kitanda cha wavu kinachofungwa mitini? Nasikia Kakamega kuna siafu.*

Siafu wapo kweli, na wakiamua kupita mahali, wewe ndiye unayehama. Kitanda hicho kinakutoa ardhini, lakini hewa hupita chini yake, hivyo godoro la sponji bado linahitajika ndani. Siafu wanaweza pia kupanda kwa kamba. Changamoto kubwa zaidi ni kwamba kuanzia Timboroa hadi mji wa Burnt Forest utapita mashamba mengi yaliyo wazi kabla ya kupata miti miwili ambayo mwenyewe atakuruhusu kuifunga kamba.

*Nikifika ziwani nimejaa vumbi, naweza kuoga ufuoni?*

Usioge. Ziwani kuna kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi ndani ya dakika chache. Omba maji ya bomba au ya kisima.

*Godoro langu la upepo limetoboka. Fundi wa pancha anaweza kuliziba?*

Anaweza kukuonyesha tundu lilipo, kwa maji ya sabuni, kama afanyavyo kwa tyubu. Kiraka chake hakitadumu, kwa sababu gundi ile hushikana na mpira, ilhali godoro la kambi kwa kawaida ni la nailoni. Safisha kwa spiriti, liache likauke kabisa, kisha tumia gundi ya vitambaa visivyopitisha maji na uliache hadi kesho yake. Usiku huo lalia koti na suruali yako ya kuendeshea.