Jinsi ya kujua nani unamtenga darasani bila kukusudia

Walimu wenzangu wa Mombasa, wa shule, tuisheni, madrasa, na nyinyi mnaofundisha vijana kompyuta huko Kisauni na Changamwe, hii ni yenu. Anayebagua makusudi simzungumzii, huyo dawa yake nyengine. Namzungumzia yule ticha mzuri tu, awapenda wote, lakini wiki inaisha kuna mtoto hajafungua mdomo na hakuna aliyegundua.

Hatua ya 1: chora darasa. Chukua karatasi, chora viti vilivyokaa, andika majina. Muombe mwenzio akae nyuma, kila ukimuuliza mtu swali au ukimjibu aweke alama kwenye jina lake. Kipindi kimoja chatosha. Usiseme "mimi najua nagawa sawa", manake ukiwa unafundisha huwezi kuhesabu, macho yanaenda mbele, katikati na kwa wanaoinua mikono, wale wa pembeni dirishani wanabaki watazamaji.

Hatua ya 2: ukiuliza swali, nyamaza sekunde 3. Hii ndiyo naiamini kuliko zote. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za walimu wakifundisha akaona wengi wakishauliza wanangoja kama sekunde 1 tu, kisha wanampa mwengine au wanajibu wenyewe. Walipongoja sekunde 3 au zaidi majibu yakawa marefu, na wale waliodhaniwa wazito nao wakaanza kuchangia. Sasa fikiria hapa kwetu, mmoja kazaliwa Kibokoni maneno yamtiririka kama maji, mwengine kaja juzi kutoka Kakamega, Kiswahili cha hapa bado anakipanga kichwani kwanza, hiyo sekunde moja ni ya nani? Somo likiwa la Kiingereza mambo yanageuka, wa Kibokoni naye anakaa kimya. Hesabu moyoni, mia na moja, mia na mbili, mia na tatu. Kimya kitakuwa kizito, wacha tu kiwe.

Hatua ya 3: makundi usiwaachie. Ukisema "jipangeni" marafiki watakaa na marafiki, halafu wale wa Likoni feri ikiwachelewesha wanakuta makundi yamejaa, wanaambiwa ingieni popote na hakuna anayesogeza kiti. Hesabisha moja mpaka nne, na uache kiti wazi kila kundi tangu mwanzo. Kisha tizama nani kashika kalamu. Aghlabu ni msichana, yeye aandika, mvulana ndiye asimama kueleza, na wala hakuna aliyewapangia. Zungusha hizo kazi.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, iga alichofanya Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipokuwa zinachanganya watoto weusi na weupe na darasani kuna uhasama. Alimpa kila mtoto kipande chake cha somo, kwa hivyo kundi halikuweza kumaliza bila kumsikiliza kila mmoja. Hapa waeza kugawa somo la bandari: mmoja meli, mwengine makontena, mwengine ushuru, wa nne reli ya SGR. Yule ambaye hakuna amsikilizaye sasa lazima asikilizwe, ana kitu wengine hawana.

Hatua ya 4, hii fupi: ratiba. Jambo kubwa usiliweke Ijumaa adhuhuri, na kazi usiitume WhatsApp usiku ukadhani kila mtu ana bando.

Hatua ya 5: utani. "Wewe mbara hii hutaielewa" wote wanacheka, hata yeye anacheka, atafanyaje. Ukiusikia ukate kwa upole na uendelee na somo, hotuba ya nini. Na jina la mtu muulize mwenyewe latamkwaje, usimfupishie.

Ukishawajua walio kimya, usiwavamie kwa swali mbele ya watu. Mwambie mmoja mmoja kwa pembeni, "kesho nitakuuliza hili, jitayarishe". Na wako wanaopenda kimya chao tu, huyo akikwambia yuko sawa muamini, mpe karatasi aandike maoni yake, kisha uyasome kwa sauti kama ya wenzake.