Jinsi ya kuomba tenda ya kaunti nchini Kenya, na namna mshindi anavyopatikana

Wengi wanaoomba tenda za kaunti huanza na bei. Wanakisia bajeti, wanapunguza kidogo, kisha wanajaza fomu usiku wa kuamkia siku ya kufunga. Matokeo yakitoka wanashangaa kwamba aliyeshinda alikuwa na bei ya juu kuliko yao. Mara nyingi sababu ni nyepesi: bei yao haikuwahi kulinganishwa na ya mtu. Tenda hupita milango mitatu ya tathmini, na bei iko kwenye mlango wa mwisho.

Kinachotawala kazi hii ni Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, pamoja na Kanuni za 2020. Kamati ya tathmini inabanwa kutumia vigezo vilivyoandikwa kwenye kabrasha la tenda peke yake, yaani hati ya masharti ambayo kaunti huwapa waombaji. Ukiwa na sifa nzuri ambayo kabrasha halikuiuliza, haikuongezei kitu. Ukikosa karatasi moja iliyoulizwa kuwa ya lazima, umeanguka.

Anza kwa kujua thamani bora itapimwaje

Kifungu cha 86 kinatoa njia nne za kumpata mshindi, na kabrasha lazima liseme ni ipi inayotumika.

Njia ya kawaida, hasa kwa bidhaa na ujenzi, ni bei ya chini kabisa iliyotathminiwa. Maana yake si bei ya chini iliyosomwa siku ya kufungua, bali ya chini miongoni mwa wale waliovuka milango miwili ya kwanza.

Njia ya pili hujumlisha alama za ufundi na za bei, na hutumika zaidi kwa huduma za ushauri. Hapa uzito wa kila upande ndio unaoamua. Chukua kampuni A yenye alama 90 za ufundi na bei ya shilingi 4,000,000, na kampuni B yenye alama 80 na bei ya shilingi 3,000,000. Bei ya chini hupewa alama 100; nyingine hupata bei ya chini ikigawanywa kwa bei yake, mara 100. B anapata 100 na A anapata 75. Uzito ukiwa 80 kwa ufundi na 20 kwa bei, A anafikisha 87 na B 84. Ukibadilishwa kuwa 70 kwa 30, A anashuka hadi 85.5 na B anapanda hadi 86. Kampuni ni zilezile na bei ni zilezile, ila mshindi amebadilika. Kwa hiyo tafuta uzito huo kabla hujaamua kuajiri mtaalamu ghali au kukata bei.

Ya tatu ni gharama yote ya kumiliki kifaa. Mashine ya kutoa nakala ya shilingi 380,000 inayokula wino na vipuri vya shilingi 210,000 kwa mwaka itaigharimu kaunti shilingi 1,220,000 kwa miaka minne. Ile ya shilingi 520,000 inayokula 160,000 kwa mwaka itagharimu 1,160,000. Ukiuza kifaa cha pili na kabrasha linatumia njia hii, takwimu za matumizi kutoka kwa mtengenezaji zina faida kubwa kwako kuliko punguzo lolote la bei.

Ya nne, alama za juu za ufundi, hutumika pale sheria nyingine inapoelekeza ada za wataalamu zinavyofikiwa. Wengi hawatakutana nayo.

Kupata tangazo na kulisoma

Matangazo hutoka magazetini, kwenye tovuti ya kaunti na kwenye tovuti ya tenders.go.ke. Baadhi ya tenda hupokewa kwa njia ya mtandao, nyingine kwa bahasha kwenye sanduku. Tangazo ndilo litakalokueleza.

Angalia ni nani hasa anayenunua. Serikali ya kaunti na bunge la kaunti ni wanunuzi wawili tofauti, na kampuni ya maji ya kaunti ni wa tatu. Dhamana ya benki (ahadi ya benki ya kumlipa mnunuzi ukiiacha tenda) iliyoandikwa kwa jina la mmoja haifai kwa mwingine, hata kama ofisi zao zinatazamana.

Ndani ya kabrasha, maelekezo ya jumla huwa marefu na yanafanana kila mahali. Usiyaruke, lakini karatasi ya data inayoyafuata ndiyo yenye mambo ya tenda yako: muda wa uhai wa tenda, kiasi cha dhamana, idadi ya nakala, saa ya kufunga. Inapopingana na maelekezo ya jumla, yenyewe ndiyo inayoshika. Baada yake kuna sehemu ya vigezo vya tathmini. Ichape pembeni uipigie alama mstari kwa mstari unapokusanya karatasi.

Jambo lisiloeleweka liulizwe kwa maandishi mapema. Kaunti ikibadilisha kabrasha hutoa nyongeza, na nyongeza hiyo ni sehemu ya tenda. Endelea kuitazama tovuti hadi siku ya kufunga.

Kama kampuni yako ni ya vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, jisajili kwanza kwenye AGPO, mpango wa serikali wa kuwapa makundi hayo nafasi kwenye tenda za umma. Umiliki wa kundi husika uwe angalau asilimia 70, na uongozi wote uwe wao. Sheria imewatengea angalau asilimia 30 ya ununuzi wa umma. Tena, kaunti inatakiwa kuwatengea wakazi wake angalau asilimia 20. Mwenye cheti cha AGPO hadaiwi dhamana ya benki. Hujaza na kusaini fomu ya tamko mahali pake. Lakini aijaze kweli, maana wapo wanaoambatisha cheti na kuiacha fomu tupu.

Mlango wa kwanza: karatasi za lazima

Hapa hakuna alama. Ni ndiyo au hapana, na ndipo tenda nyingi zinapolala. Kwa kawaida utaulizwa cheti cha usajili wa kampuni, CR12 (hati rasmi inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa), PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), cheti cha kutimiza kodi, kibali cha biashara, na cheti cha NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, cha daraja husika kama ni ujenzi. CR12 huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kabrasha nyingi husema isizidi umri fulani, kwa hiyo ya mwaka juzi haitakusaidia. Cheti cha kodi hutolewa na iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, na hudumu miezi 12. Kamati hukihakiki mtandaoni, na kinaweza kuwa kimebatilishwa ingawa tarehe yake bado.

Kisha kuna fomu: fomu ya tenda, dodoso la siri la biashara, cheti cha kwamba hukushauriana na washindani, fomu SD1 ya kwamba hujafungiwa, SD2 ya kwamba hutajihusisha na ufisadi, na tamko la maadili. Fomu ya tenda iandikwe kwenye karatasi yenye nembo na anwani ya kampuni yako. Kuijaza moja kwa moja kwenye ukurasa wa kabrasha ni kosa linalorudiwa kila mwezi. Anayesaini asiyekuwa mkurugenzi awe na hati ya uwakilishi iliyotiwa muhuri wa wakili.

Dhamana ya tenda haizidi asilimia 2 ya thamani ambayo kaunti imeikadiria, na kabrasha hutaja kiasi kamili. Tarehe ndizo zinazosumbua. Tenda ikitakiwa kuwa hai siku 120 na dhamana siku 30 zaidi, dhamana iwe hai siku 150 kuanzia siku ya kufungua, si siku benki ilipoiandika. Pungufu ya siku moja inatosha kukuangusha. Hesabu mwenyewe kwa kalenda, kisha mpe ofisa wa benki tarehe ya mwisho badala ya idadi ya siku.

Halafu namba za kurasa. Kifungu cha 74 kinataka kila tenda iwe na kurasa zilizopigwa namba kwa mfuatano. Funga kabrasha lako la maombi likiwa tayari kabisa, kisha piga namba kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka: dhamana ya benki, vipeperushi vya mtengenezaji, karatasi za rangi za kutenganisha sehemu, na nyuma ya karatasi iliyochapwa pande zote mbili. Usiandike 45a na 45b kwa sababu karatasi fulani ilichelewa. Ondoa namba zote uanze upya. Nakala ichukuliwe kutoka kwenye kabrasha halisi baada ya namba kupigwa, zisije zikatofautiana.

Mlango wa pili: ufundi

Hapa kuna alama au vipimo vya kufuzu, na kiwango cha chini cha kuvuka huandikwa. Wanaokosa alama huwa na uzoefu lakini ushahidi wao ni nusu. LPO, hati ya mnunuzi ya kuagiza, inaonyesha kwamba uliagizwa. Haionyeshi kwamba ulipeleka. Iambatanishe na hati ya kukamilisha kazi au ya kupokea mizigo. Wasifu wa mtaalamu usainiwe naye, na vyeti vyake viwe nyuma yake hapohapo. Lori la kukodi liwe na mkataba wa kukodi pamoja na nakala ya umiliki wa mwenye lori. Hesabu zilizokaguliwa ziwe na saini ya mkaguzi.

Kwa bidhaa, usinakili maelezo ya kaunti na kuandika "tumekubali" kila mstari. Taja aina, modeli na kipimo chake, kisha elekeza ukurasa wa kipeperushi unaothibitisha.

Mlango wa tatu: bei

Kifungu cha 82 kinasema kiasi kilichosomwa siku ya kufungua hakirekebishwi. Kanuni za 2020 nazo zinahesabu makosa ya hesabu kwenye bei ya kipimo, idadi au jumla kuwa kasoro kubwa. Mfano: mifuko 250 ya saruji kwa shilingi 780 ni 195,000. Ukiandika 159,000 kwenye jedwali, jumla ya ukurasa, muhtasari na fomu ya tenda vyote vitarithi kosa hilo. Mtu wa pili, ambaye hakuandaa jedwali, azidishe upya kila mstari. Hakikisha VAT ya asilimia 16 imo kama kabrasha linavyotaka, fedha za dharura zimeingia kwenye muhtasari, na kiasi cha tarakimu kinalingana na cha maneno.

Bei ya chini kupita kiasi nayo itazua maswali. Uwe na mchanganuo tayari.

Siku ya kufungua na baada yake

Tenda iliyochelewa hurudishwa bila kufunguliwa. Una haki ya kuhudhuria. Andika majina, bei na dhamana zinaposomwa, na uombe nakala ya kumbukumbu.

Tathmini haitakiwi kuzidi siku 30. Kamati inaweza kukutembelea au kuwapigia uliowataja kuwa wateja wako, kwa hiyo waarifu mapema. Ikikuandikia kuomba ufafanuzi, jibu ulichoulizwa tu, maana huruhusiwi kubadilisha tenda.

Baada ya maoni ya kitaalamu ya mkuu wa ununuzi, washindi na walioshindwa huarifiwa wakati mmoja, na aliyeshindwa aelezwe sababu. Barua isiyo na sababu ni kasoro ya kisheria. Mkataba hausainiwi kabla ya siku 14 kupita, na siku hizohizo 14 ndizo ulizo nazo za kufikisha malalamiko kwenye bodi ya mapitio ya ununuzi wa umma, ambayo huamua ndani ya siku 21. Malalamiko yakishapokelewa, kusaini husimama. Lenga kigezo kilichovunjwa na ukurasa wa kabrasha. Kusema tu kwamba bei yako ilikuwa ya chini hakutoshi.

Ukishinda, andaa dhamana ya utekelezaji, isiyozidi asilimia 10, kisha saini. Usipeleke hata gari moja la mizigo kwa simu ya mtu wa idara akisema LPO inakuja. Madeni ya kaunti hukaguliwa kabla ya kulipwa, na ankara isiyo na LPO na hati ya kupokea mizigo iliyosainiwa ni ya kwanza kuwekwa kando.