Anza na kazi iliyokosa mtu

Mimi ni fundi alumini hapa Nkuhungu, Dodoma. Tangu Serikali ihamie huku ujenzi haujalala, lakini vijana bado wamejaa kijiweni, na mafundi wenzangu kila siku wananipigia: "Kaka, nitafutie kijana anayejua kupima." Mtaani kwetu tunawakutanisha hivi.

Msianze kwa kuwakusanya vijana. Chukueni daftari mzunguke karakana na saiti. Mkiuliza "mna nafasi?" mtajibiwa hapana. Ulizeni: "Wiki hii kazi gani imelala kwa kukosa mtu?" Hapo fundi atafunguka. Andikeni kazi yenyewe, na anataka kumwona kijana akifanya nini ndipo amkubali.

Halafu fundisheni hicho tu. Kwetu kilikuwa kupima madirisha. Upana unapimwa mara tatu: juu, katikati, chini. Urefu vilevile: kushoto, katikati, kulia. Unaandika kwa milimita na unafuata kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Kisha unapima kona kwa kona, mshazari zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, tundu la dirisha limekaa upande. Kijana wetu wa kwanza alipima chini peke yake. Fremu ikagoma juu, mteja amesimama pale pale. Kosa lilikuwa langu, nilimtuma mapema. Siku hizi haendi mtu kwa mteja mpaka apime matundu kumi, niyarudie mwenyewe, tulingane.

Nauli ndiyo inayokatisha wengi. Wiki mbili za kujifunza bila kipato si mchezo kwa mama mwenye mtoto, kwa hiyo changeni nauli kabla ya kununua hata kalamu. Mwenyekiti wa mtaa naye aandike barua ya utambulisho, maana hakuna anayemwachia mgeni mashine yake.

Aliyejifunzia kazini miaka mingi msimrudishe darasani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima fundi wa mtaani na kumpa cheti akifaulu. Kikundi kikisimama, nendeni halmashauri mkaulizie mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Ombeni ya vifaa.

Kijana akishaanza kazi, baada ya wiki mpigie bosi wake. Kijana mwenyewe mpigie jioni, akiwa kwao, umuulize kama amelipwa.