SOMO: Kununua wigi la bei nafuu mtandaoni, kwa sisi wa Unguja na Pemba

Siuzi mawigi. Naliweka hili hapa kwa sababu kila Idi ikikaribia, na kila msimu wa harusi, naulizwa suali lile lile: "Dada, wapi ntapata wigi zuri rahisi?" Wapi si tatizo, maduka ya mtandaoni yamejaa tele. Tatizo ni kuwa watu wanaanza na picha, wanatafuta pesa, halafu ndio wanakikumbuka kichwa chao. Geuzeni mpango huo. Kuanzia leo anayeniuliza namleta hapa.

Hatua ya 1. Jua utalivalia wapi.

Wigi la mwanamke wa hapa linakaa chini ya mtandio, linavuliwa kwa udhu, linavaliwa tena, jioni linatolewa ukumbini mbele ya wanawake wenzako. Kwa maisha hayo usinunue la kubandika kwa gundi. Kupangusa kichwa ni fardhi ya udhu, na kwenye josho maji lazima yafike ngozini. Gundi ya wiki mbili itakuingiza kwenye shida. Tafuta lisilotaka gundi, lenye mkanda wa lastiki nyuma na vichana vidogo ndani. Kwenye maelezo huandikwa "glueless".

Hapo hapo unaokoa pesa. Lesi ni ule wavu mwembamba wa mbele ambao nywele hufungwa juu yake. Ya 13 kwa 4 maana yake inchi 13 kutoka sikio hadi sikio na inchi 4 kurudi nyuma, na kila inchi ya lesi unailipia. Kama paji la uso liko ndani ya ushungi siku nyingi, kloza ya 4 kwa 4, yaani kipande kidogo cha lesi cha inchi 4 kila upande, inatosha: inakupa njia ya kati, basi. Na chukua fupi. Nywele ndefu chini ya kitambaa inasuguliwa kutwa nzima, na inaanza kufungana pale kisogoni. Bobu ya inchi 10 au 12 haina taabu hiyo. Kwa joto letu ujazo, yaani wingi wa nywele, wa asilimia 130 unatosha, 150 ukitaka linalojaza. Asilimia 200 ni la kupigia picha.

Hatua ya 2. Pima kichwa.

Suka kwanza twende kilioni, au bana nywele zako vile utakavyozibana siku ya kuvaa, kisha ndio upime. Futi ya fundi cherehani: anzia usoni pale nywele zinapoota, pita nyuma ya masikio, zunguka kisogoni, rudi ulipoanzia. Kofia ya kati ni kama inchi 22 na nusu, yaani sentimita 57. Ndogo hupungua inchi moja, kubwa huzidi inchi moja. Angalia jedwali la muuzaji, usikisie.

Hatua ya 3. Nywele yenyewe. Hapa someni pole pole.

Pesa nyingi zinapotea kwenye hatua hii, na zangu zimo. Nililipia wigi lililoandikwa ni nywele za mtu. Lilikuja linang'aa, laini, linateleza mkononi. Nilipolifua tu likawa katani. Niliporudi kusoma yale maelezo marefu chini ya picha, nikaona kineno "blend", yaani mchanganyiko wa nywele na nyuzi za kiwandani. Muuzaji alikwishaandika, mimi sikusoma.

Basi fahamuni mambo haya. Unywele wa mtu una magamba madogo sana yaliyolala kuelekea nchani. Nywele zikikusanywa mizizi upande mmoja na ncha upande mmoja, magamba yanalala pamoja na nywele haifungani. Ndizo zinazoitwa "Remy". Zikiokotwa ovyo, magamba yanakamatana. Kiwanda cha bei ya chini kinayaondoa kwa tindikali, kisha kinazipaka silikoni zing'ae. Silikoni inatoka kwa kufuliwa, na hapo ndipo unapoiona nywele yako ya kweli. Kwa hiyo mng'aro wa siku ya kwanza si dalili ya uzuri. Unywele mzima una mng'aro mdogo tu.

Jengine: msilipie majina. "Brazilian", "Peruvian" ni majina ya biashara. Nywele nyingi za sokoni zinatoka Uhindi, zikiwemo zinazonyolewa na wanaokwenda kuhiji hekalu la Tirumala kisha zikanadiwa, na viwanda vingi viko China, khasa Xuchang katika jimbo la Henan, na Qingdao. Mawigi mawili ya nchi mbili tofauti yanaweza kuwa yametoka meza moja.

Na bei inasema. Wigi la inchi 20 la nywele tupu za mtu kwa shilingi elfu arobaini halipo. Kwa pesa hiyo chukua la nyuzi lililo zuri, na ujue ni la nyuzi. Nyuzi si aibu. Nyuzi ya Kanekalon ya Wajapani imepamba vichwa miaka mingi. Masharti yake ni moto tu: la kawaida haliguswi na pasi ya nywele kabisa, na lile linalostahimili joto huandikwa kiwango chake, mara nyingi kama nyuzijoto 180. Na moto si pasi peke yake. Ukifunua sufuria ya biriani huku umelivaa, mvuke unakunja nywele za mbele na hazinyooki tena. Jikoni livue.

Hatua ya 4. Picha na maoni.

Picha ya mwanamitindo iache. Nenda kwenye picha za wanunuzi, na utafute aliyerudi kuandika baada ya kulifua. Picha ya muuzaji ipitishe Google Lens, ikutafutie inapoonekana kwengine mtandaoni. Ikitokea kwenye maduka kumi, hana mzigo, ana picha. Muuzaji wa Instagram muombe video ya juani, alitikise, aligeuze ndani nje uone kofia. Akisita, ondoka.

Hatua ya 5. Malipo.

Lipa ndani ya duka lenyewe, kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya simu. Usilipe nje ya duka hata ukiambiwa utapunguziwa.

Hatua ya 6. Anuani.

"Jang'ombe nyuma ya msikiti" haifiki. Andika S.L.P. yako au ya mtu unayemuamini, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu ikianza na +255. Ukitumia wakala wa mizigo wa Guangzhou, China, alama yako ya mzigo (ya kumjuilisha wakala kuwa ni wako) iandikwe kwenye kifurushi, la sivyo kinalala ghalani bila mwenyewe. Wigi ni jepesi, lipite kwa ndege. Ukinunua Kariakoo, muuzaji analiweka kwenye boti na unalipokea bandarini Malindi siku hiyo hiyo. Mwambie akutumie picha ya risiti.

Hatua ya 7. Kufungua.

Washa kamera kabla hujakata plasta, jina kwenye kifurushi lionekane, usizime mpaka ulitoe na kulipima. Kata nywele chache za ndani uziunguze kwenye sahani ya udongo. Za mtu zinanuka kama kwato na zinabaki jivu linalosagika. Nyuzi zinayeyuka zikawa kijidonge kigumu. Ukiona vyote viwili, umeuziwa mchanganyiko. AliExpress wanakupa siku 15 za kulalamika tangu oda ihesabiwe imefika, basi usiliweke kabatini ukisubiri harusi.

MASWALI

Zuwena_Kwerekwe: Dada bei gani? Mnaleta mpaka Mwanakwerekwe?

Siuzi. Mstari wa kwanza.

BintiMkoani: Ahsante sana kwa somo. Sisi wa Pemba tunaumia na nauli, mzigo unafika Unguja halafu tunalipa tena. Pana njia?

Ipo, na ahsante kwa kuuliza. Msinunue mmoja mmoja. Mawakala wengi wana kima cha chini cha uzito, na wigi moja halikifiki, kwa hiyo unalipia hewa. Mkikusanyana shoga watatu wanne, oda moja, alama moja ya mzigo, gharama inagawika. Na mwambie wakala tangu mwanzo kuwa mwisho wa safari ni bandari ya Mkoani, aandike juu ya boksi. Wengi wanaandika "Zanzibar" tu, kifurushi kinashuka Malindi na kutafuta mtu wa kukivusha ni gharama nyengine. Ondoeni pia yale maboksi magumu ya muuzaji. Ombeni kije kwenye mfuko na wavu wake.

Asha_N: Nilimtumia pesa muuzaji wa insta kwa namba yake, sasa kanibloku. Nifanyeje?

Hatua ya 5. Lakini usikae: pigia huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia sasa hivi, wajaribu kuuzuia muamala kabla hajatoa. Namba ya tapeli itume 15040, ndiyo ya kuripoti utapeli wa simu. Kisha polisi, na ujumbe wa muamala usiufute.

Mfanyabiashara_Mlandege: Unawafundisha watu kununua China wakati sie wa madukani tunalipa kodi na pango. Hii si haki.

Sijamkataza mtu kwenda Darajani wala Mlandege. Anayelishika wigi mkononi kabla ya kulipa yuko mbele ya yeyote wa mtandaoni, na hilo nalisema wazi. Lakini kuna mwanafunzi anatafuta kofia kubwa, madukani hakuna, afanyeje? Na kodi tunaijua. Juni 2019 bajeti ya Muungano ilitangaza ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazoingizwa na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Anayeagiza mwenyewe akumbuke forodha inaweza kumdai, asione bei ya kwenye simu akadhani ndio mwisho. Wekeni vipimo vya kofia kwenye matangazo yenu, wateja watarudi.

Ukhti_Chwaka: Naomba kuuliza kwa nia njema. Si imekatazwa kuunganisha nywele? Wigi linaingia?

Suali zuri, tena lilitakiwa litangulie pesa. Hadithi ya kulaaniwa mwenye kuunganisha nywele na mwenye kutaka kuunganishiwa imo katika Bukhari na Muslim. Maulamaa wamekhitilafiana inafika wapi: wapo wanaokataza kila kinachounganishwa, wapo waliobainisha baina ya nywele za mtu na kisichokuwa nywele za mtu. Mimi si wa kutoa fatwa. Muulize sheikh unayemuamini. Ninachoweza kukusaidia ni hiki: kama utakachoambiwa ni kwamba za mtu hazifai na nyuzi zina nafasi, basi ule mchanganyiko wa hatua ya 3 unakuharibia niya yako bila wewe kujua. Lisome tangazo mpaka mwisho, na likifika unguza nywele zake. Wengi wanafikiri jaribio la moto ni la kukamata utapeli tu, kumbe na hapa linakufaa.

Bi_Mdogo_Fuoni: Mama yangu anatibiwa saratani Ocean Road, nywele zimetoka zote. Anataka wigi la kuvaa nyumbani wajukuu wasiogope. Sijui nianzie wapi.

Mungu amponyeshe. Usimnunulie la ghali wala zito. Chukua la nyuzi, fupi, jepesi, rangi iliyo karibu na yake ya zamani. Pima kichwa sasa, baada ya nywele kutoka, maana kinapungua kipimo. Wengi wanapima kabla na kofia inapwaya. Vichana vya ndani vikate vyote au chagua lisilokuwa navyo, kwani ngozi yake ni laini sasa na vitamkwaruza. Mshonee kikofia cha pamba cha kuvaa chini, hata kwa kipande cha kanga iliyozeeka, kitanyonya jasho. Ukilipata la kofia laini ya wavu juu, ambalo kila unywele umefungwa peke yake, ni bora zaidi kwake, ingawa bei inapanda kidogo. Kwa wengi nywele huanza kurudi miezi michache baada ya dawa kwisha, kwa hiyo unanunua la muda. Akikwama kuvaa, niandikie, ntakuonesha.

Raya: Langu la nyuzi linang'aa kama plastiki. Nilirudishe?

Usilirudishe kwa hilo. Pakaza poda ya mtoto kidogo kwa brashi, likung'ute vizuri. Ndani ya mtandio hakuna atakayeona.

Mpambaji_wa_Ngambo: Naongeza: likifungana, liloweke kwenye maji ya baridi yenye ile dawa ya kulainishia nguo, kisha chana kuanzia nchani kupanda juu. La nyuzi tu hilo, za mtu zitumie kondishena.

Sawasawa. Na lisikaushwe kwa feni ya moto wala juani.

Salma_W: Je naweza kulifukiza udi kama nywele zangu?

La nyuzi usiliweke juu ya chetezo hata kidogo. Joto la makaa linapanda moja kwa moja, na ncha zinajikunja kabla hujaona. La nywele za mtu linastahimili, lakini moshi unabaki kwenye lesi na lesi inageuka rangi. Fukiza mtandio, wigi litachukua harufu humo humo. Na vikuba vya asmini vibane kwa pini kwenye mshono wa kofia, si kwenye lesi, kwani lesi inachanika.